Kiwanja cha Makoro Kimepandwa Maharagwe

Mpendwa mama,

Tumerudi. Naanza na hilo kwa sababu kila Jumapili kwenye simu swali lako la kwanza lilikuwa "Munakula?" na la pili "Munarudia siku gani?", na muda wote tuliokuwa Bukavu lile la pili sikuwa na jibu lake. Tumerudi kumi na wanne kati ya wale kumi na wanane tulioondoka. Wawili wameoa Bukavu na wakwe zao hawataki kusikia habari za Goma. Mmoja amepata kazi kwenye gereji akasema mpira haujawahi kumpikia ugali. Na Paluku, kipa wetu wa akiba, alivuka kwenda Uganda na hatujui zaidi ya hapo. Wengine wote wazima. Kapiteni amenenepa, ungemcheka.

Tulishuka bandari ya Kituku asubuhi, kutoka kwenye boti la mbao lililojaa mifuko ya saruji na mbuzi wa mtu. Vijana walikuwa wamevaa jezi za kijani tangu tulipopita kisiwa cha Idjwi, wamezinyoosha kwa mikono, maana walitegemea mji utapiga kelele. Mama mmoja aliyekuwa anapanga samaki wadogo wa sambaza kwenye beseni alituangalia toka juu hadi chini, akauliza, "Nyinyi muko korali ya parokia gani?" Kapiteni alinuna njia nzima kwa kufananishwa na kwaya. Mimi nilicheka, halafu nikafikiri: mama angekuwepo angemjibu huyu.

Watu wengi wanaamini timu yetu ilianzishwa na mzee fulani mwenye filimbi. Timu ilianzishwa na vijana wa mtaa, ni kweli, lakini kiwanja kilianzishwa na hasira yako. Ulikuja Goma kutoka Butembo ukiwa bibi harusi, ukakuta mji umejengwa juu ya makoro, yale mawe meusi ambayo mlima unaacha ukishatema moto, na hukuusamehe. Kwenu, ulituambia, mtu akitema mbegu ya papai barabarani asubuhi, jioni anarudi anakuta kivuli. Kwetu, mtaa wa Mabanga, mtoto akianguka anaamka na ngozi pungufu. Siku ile kaka Mumbere aliporudi na goti limefunguka hadi mfupa unachungulia, ulimwosha kwa maji ya chumvi huku akipiga mayowe, ukasema bila kuinua macho, "Hawa batoto banacheza mupira ao banatengeneza nyama ya kuuzisha?"

Uliuza viazi na makabichi soko la Birere. Viazi vya Kibumba vinafika na udongo wake, na wauzaji wote wanaukung'uta chini na kuulaumu. Wewe ukaanza kuufagia. Ulifagia chini ya meza yako, kisha chini ya meza za wenzako, ukaujaza kwenye mfuko, na jioni ukaumwaga pale mbele ya goli ambapo Mumbere alianguka. Wenzako sokoni walidhani umepata ugonjwa wa kichwa. Baba alidhani hivyo pia, ila hakuthubutu kusema.

Halafu ukaona mikono yako peke yake haitoshi, ukaweka sheria. Ulisimama kwenye kona mikono kiunoni, vijana wakiwa wanafunga kamba za viatu, ukawaambia kuanzia leo hakuna anayegusa mpira kabla ya kuleta mfuko mmoja wa udongo. Kapiteni wa wakati ule alijaribu kubishana na wewe.

"Mama, siye tuko bachezaji, hapana balimaji."

"Sawa. Muende muchezee juu ya kitanda."

Wakaleta. Walileta kwa mabega na kwa chukudu, wakisukuma zile baiskeli za mbao kutoka Keshero ambako lava ni ya zamani na imekwisha kulainika. Mchezaji mpya alileta mfuko kabla ya kuonyesha kama anajua kupiga chenga. Timu zilizotutembelea zilileta pia, maana ulikuwa unawasubiri njiani. Mimi nilileta wangu nikiwa na miaka kumi na mbili, mgongo ukiniuma wiki nzima, na ulichungulia ndani ukasema umejaa mizizi, nirudi. Nilikuchukia siku ile, mama. Sikuwahi kukuambia.

Ilichukua miaka. Mvua ilichukua udongo, tukaleta mwingine. Tulijiita Makoro kwa sababu ya mawe, jina ulilolipinga hadi mwisho ukitaka tujiite kitu kinacholiwa, lakini tulikuwa timu pekee ya mtaa yenye kiwanja kinachozama kidogo chini ya mguu. Hatukuwa kwenye divisheni yoyote. Tulicheza mashindano ya mitaa tu, tukashinda mara chache na kufungwa mara nyingi, na watu walikuja kwa sababu pale ndipo mtoto aliweza kuanguka akaamka mzima. Wewe hukujifunza kamwe sheria za mpira. Mechi nzima ulikuwa unatazama chini. Filimbi ya mwisho ikilia, hukuuliza nani ameshinda; ulikuwa tayari umeingia na beseni kuziba mashimo.

Vita vilipokaribia, si mabomu yaliyotufukuza kwanza. Ilikuwa habari kwamba watu wenye silaha wanapita viwanjani wakichukua vijana. Kumi na wanane wenye mapafu mazuri, wote mahali pamoja, siku na saa inayojulikana na mtaa mzima. Ni wewe uliyeita kamati, mama, wewe usiyekuwa hata mjumbe wake. Ulisema timu iondoke yote pamoja, kwa boti, kesho yake. Nilipokwambia uje na sisi, ulinionyesha miguu yako iliyovimba.

"Miye nani atanikamata? Nibebe bunduki na hii miguu?"

Ulikuja hadi Kituku kutusindikiza. Hukulia. Ulimpa kapiteni viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, ukampa maelekezo marefu kuhusu kuhara. Mimi, winga wa kushoto, uliniambia jambo moja tu: "Kule kwa batu, usiombe mara mbili kitu balikukatalia." Boti likatoka. Nilitaka kugeuka nikutazame, lakini mbuzi na watu walikuwa wengi, na nilipopata nafasi ya kugeuka ulikuwa umekwisha kuondoka. Hilo linaniuma mpaka leo.

Bukavu walitupokea vizuri, nakiri. Shule moja ya mtaa wa Kadutu ilitupa kiwanja chake alasiri mbili kwa juma. Kiwanja chenyewe kilikuwa kimeinama, mpira ukitoka unateremka hadi kwa jirani, na jirani alikuwa na tabia ya kuukalia. Walituita "ekipe ya bakimbizi," timu ya wakimbizi. Walisema bila ubaya, na tulizoea kuitika. Tuliuliza kabla ya kuchota maji. Tuliuliza kabla ya kuanika jezi kwenye ua wao. Mtu akikaa kwa watu miaka mitatu, anajifunza kubisha hodi hata mlango ukiwa wazi.

Kila Jumapili baada ya misa nilikupigia, na kabla ya kukata nilikuuliza habari za kiwanja, "Tereni iko?" Nawe ulinijibu, "Iko. Itaenda wapi?" Ndivyo ulivyonijibu mara zote.

Halafu ikaja Jumapili ambayo simu ilipokelewa na jirani. Tansio, alisema, presha ya damu, siku mbili tu. Boti zilikuwa zimesimamishwa na barabara ilikuwa imefungwa. Ulizikwa mimi nikiwa ng'ambo ya ziwa lile lile, na siku ya anga safi nilikuwa naona moshi wa mlima wetu. Vijana waliniwekea matanga Bukavu, kwenye darasa la shule. Walikaa na mimi kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwagusa videvu, siku tatu. Wenyeji walileta unga na kuni. Lakini nilikuwa naomboleza bila kaburi, mama, na hata jirani hakuweza kunielekeza lilipo, maana siku zile makaburi yalichimbwa popote palipopatikana.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Kutoka Kituku tulipanda kwa miguu moja kwa moja hadi kiwanjani. Nilitaka tukione kabla ya kuona nyumba zetu. Tulipozunguka ukuta wa kanisa, kapiteni aliyekuwa mbele alisimama, na sisi wote tukamgonga mgongoni.

Upande wa mashariki kulikuwa na mahema ya bashi, turubai zilizochakaa, yamebanana hadi ukutani. Goli la karibu lilikuwa limeanikwa nguo za watoto. Na katikati, kutoka goli hadi goli, yalikuwa maharagwe. Maharagwe na mboga za lengalenga, mistari iliyonyooka, majani mabichi, hakuna gugu hata moja. Badeplase walikuwa wameingia kiwanja chetu, wale waliokimbia vita kutoka vijijini, na walikuwa wamekilima.

Vijana waliniangalia mimi. Kwa kukosa mtu mwingine, mimi ndiye prezida wa kamati siku hizi. Ningeweza kubisha hodi. Ningeweza kutafuta mkubwa wao na kuuliza. Badala yake nilikumbuka ile miaka mitatu yote, Bukavu, jirani mwenye kukalia mpira, darasa la matanga, nikasema, "Tupime angalau eneo la penalti." Nilisimama kwenye mstari wa goli nikahesabu hatua mimi mwenyewe, nikikanyaga. Kisha nikainama nikang'oa. Mkono wa kwanza ulikuwa wangu, mama, usimlaumu kapiteni. Wengine wakanifuata, na kwa muda mfupi tulikuwa na mstatili mweusi mtupu, na vijana walikuwa wanacheka kwa furaha kwa sababu udongo ulikuwa bado laini.

Mwanamke mmoja alitoka kwenye bashi. Hakupiga kelele. Alipiga magoti akaanza kukusanya maharagwe yaliyong'olewa, akitenganisha yenye maganda yaliyojaa na yale ambayo bado, akiyaweka kwenye kitenge. Nilitamani apige kelele. Mwishowe alisema, "Papa, mungengojea hata majuma tatu."

Kapiteni akamjibu kwa ukali, "Mama, hii ni tereni yetu. Mama yake huyu ndiye alileta huu udongo."

"Mama yake nani?"

"Mama Mumbere."

Aliacha kitenge chini. Alisimama akaniangalia usoni muda mrefu, kama mtu anayetafuta sura ya mtu mwingine ndani ya uso wangu.

"Ni weye Kasereka? Ule wa Bukavu?"

Nikaitika.

"Ni miye nilimuosha siku alikufa," akasema.

Anaitwa Mama Sifa, ametoka Masisi. Aliniambia yote tukiwa tumekaa pale kwenye mstatili tulioutengeneza, vijana wakiwa wamesimama hawajui waweke wapi mikono yao. Walifika na watoto na bashi, wakapewa ukingo wa kiwanja kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Msaada ulikuja mara moja ukachelewa kurudi. Siku moja ulitokea na jembe begani, miguu imevimba, ukawaambia kwamba katika Mabanga nzima ni hapa tu jembe linaingia, kwa nini wanapaangalia tu. Uliwakatia kila mmoja sehemu yake. Uliwaletea mbegu kutoka Birere. Ulimgombeza Mama Sifa kwa kupanda karibu karibu.

"Nilimuuliza," Mama Sifa akasema, "batoto yako bakirudia, batatufukuza? Akaniambia hapana. Akasema, 'Bale nao balikaa kwa batu. Banajua. Batakuja kuongea na nyinyi.'"

Nilishindwa kumtazama. Sikuwa na machozi, nilikuwa na aibu tu, aibu inayochoma masikio. Ulisema tutakuja kuongea. Tulikuja, na mikono yangu ilikuwa bado ya kijani.

Najua kwa nini hukuniambia kwenye simu. Mwanzoni nilikasirika, nikasema umenidanganya Jumapili zote zile. Lakini hukunidanganya, kiwanja kilikuwepo. Hukuniambia kwa sababu ulijua ningekataa. Ungeniuliza nami ningesema hapana, mama, si kiwanja, chochote lakini si kiwanja, nawe usingeweza kufanya ulichofanya ukiwa umesikia hapana yangu. Ulinijua vizuri kuliko nilivyopenda.

Mama Sifa alinipeleka kwako kesho yake. Makaburi mengine pale yamefunikwa kwa makoro yaliyorundikwa, la kwako limefunikwa kwa udongo, na nilipouliza akasema kawaida tu, wanawake waliubeba kwa mabeseni kutoka kiwanjani, hawakutaka mawe yakulalie. Nilikaa hapo hadi jua likawa kali. Nilitaka kukwambia haya yote lakini alikuwa amesimama karibu, na mbele yake sikuweza. Ndiyo sababu naandika.

Kwa yale tuliyong'oa hakuna dawa, harage lililokwisha kutoa maganda halirudi ardhini. Vijana walichanga unga, na kipa, ambaye hacheki na mtu, alimpelekea Mama Sifa kuku wa mama yake bila kumwambia mama yake. Tukakubaliana kungoja mavuno. Hapo hakuna aliyebisha. Shida ni baada ya mavuno. Wakubwa wa mashindano ya mitaa wametuambia waziwazi: msimu ujao timu isiyo na kiwanja chake haiandikwi. Na vijana wangu wananiuliza kila siku, prezida, wakishavuna tunaanza kusawazisha lini? Wamevumilia kiwanja kilichoinama miaka mitatu kwa ajili ya hiki. Wana haki. Nasema hivyo na namaanisha.

Jumamosi iliyopita tulicheza mechi yetu ya kwanza tangu turudi, kwenye kiwanja cha Keshero, kwa hisani ya timu ya huko tuliyokuwa tukiichukia zamani. Wanawake wa mahema walikuja wote kutushangilia, na watoto, na vigelegele. Tatizo ni kwamba hawajui mpira. Tulifungwa manne kwa moja na wao walishangilia mabao yote matano. Kapiteni alitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilikutafuta kati yao, mama, nikijua hupo, nikitafuta mtu mmoja anayetazama chini.

Baada ya mechi Mama Sifa alinifuata. Alikuwa amejiandaa, nilimwona anavyoshika kitenge chake.

"Bado majuma mbili tuvune," akasema. "Kisha muchukue tereni yenu. Tulisha kuongea na benzangu."

"Na nyinyi mutaenda wapi?"

Aliangalia upande wa barabara ya Sake, inayoelekea kwao. Bado wanapigana huko, sote tunajua. Sikuwa na haki ya kumuuliza mara ya pili.

Nilifikiri juu ya timu. Nilifikiri juu ya goti la Mumbere, juu ya wale kumi na wanne, juu ya jina letu kufutwa kwenye karatasi ya mashindano katika mji tuliouota kwa miaka mitatu. Nilifikiri kwamba labda bila kiwanja tutatawanyika mwaka huu huu, kila mmoja na timu yake, na kwamba vita ambavyo havikutuvunja vitakuwa vimeshindwa pale ambapo mimi nimefaulu. Nilijua haya yote nilipofungua mdomo.

Nikamwambia, "Mupande tena."

Alidhani hakusikia vizuri. Nikarudia. Akasema asante kwa Kihunde, kisha akaondoka upesi, nadhani aliogopa nibadilishe mawazo.

Vijana bado hawajui. Nimeshindwa kuwaambia kwa mdomo, nimejaribu mara mbili nikaishia kuzungumza habari za jezi. Kwa hiyo kesho baada ya misa nitawakusanya pembeni ya maharagwe na kuwasomea barua hii yote kwa sauti, kuanzia "Mpendwa mama" hadi jina langu. Nikifika hapa watakuwa wamesikia. Kapiteni, usinikatize, nimalize.

Mama, wakibaki na mimi, nitakuja kukuambia. Wakiondoka wote, nitakuja pia, peke yangu, na nitakuambia hivyo hivyo. Pumzika.

Mwanao wa tatu,
Kasereka